Mkato Ulio Chini ya Pete

Mama Osmund alikuja na pete ikiwa imefungwa kwenye pembe ya kitenge chake. Alipanda ngazi za karakana yangu hapa Mbinga polepole, mkono mmoja ukutani, akakaa kwenye benchi la wateja bila kungoja kukaribishwa. Nikazima moto wa gesi, nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu, habari za siku nyingi," akauliza mtoto yuko wapi, nikamwambia yuko shule. Kisha akafungua fundo, akaiweka pete mezani kati ya tupa na koleo. "Naomba uiunge," akasema. Sikuishika. Ni pete nyembamba ya dhahabu yenye almasi ndogo, ndefu, iliyochongoka huku na huku, na chini, upande unaolalia kiganja, imekatwa. Niliikata mimi. Na kabla ya kuikata, jiwe lake nililifunga mimi, nikiwa msichana niliyemaliza kidato cha nne juzi, na ilikuwa kazi yangu ya kwanza ambayo fundi wangu hakuirudia. Sikuwa nimeiona tangu msiba wa dada yangu Batilda, ambaye ndiye alikuwa mwenye pete na mke wa Osmund. "Imepata wa kuivaa?" nikauliza. Mama Osmund akatazama sakafu. "Osmund anafunga ndoa baada ya Pasaka. Binti ni mwalimu, mtoto wa Iringa, amepangiwa shule ya pale kwetu. Pete ipo, jiwe lipo. Tukasema isikae bure kabatini."

Nina hasira, sitaificha. Wanawake wa jumuiya wananiambia hasira inazeesha, basi nizeeke. Mtoto aliyeulizwa habari zake ni Tilda, mtoto wa dada yangu, ambaye tangu alipokuwa mdogo wa kulala ndani ya kanga iliyokunjwa mara mbili ananiita mimi mama, na hana mama mwingine anayemkumbuka. Kila mwaka anapouliza mama yake wa kwanza alikufa na nini, upande wa baba yake wanamwambia Mungu alimpenda. Mungu aache kusingiziwa. Nilimtazama yule bibi kwenye benchi langu, vidole vyake vikiwa vyembamba, vikavu, pete yake mwenyewe ikicheza kama kopo kwenye mti, na ule mwaka wote ukarudi pale mezani, tangu jiwe likiwa ndani ya karatasi mpaka pete ikiwa ndani ya kitenge.

Mwaka huo nilianza nikiwa sina kitu cha kufanya. Matokeo yalikuwa yametoka, yangu hayakuwa ya kuonyesha mtu, na dada Batilda hakutaka nikae nyumbani nikihesabu kuku. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya soko kwa Fundi Mashaka, sonara, mtu wa Shinyanga aliyehamia huku kwa ajili ya madini na akabaki kwa ajili ya hali ya hewa, kama alivyopenda kusema. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja, zamani stoo ya kahawa, na kila mvua ikinyesha kuta zilitoa harufu ya maganda kana kwamba magunia bado yapo. Fundi alikuwa mfupi, mwenye maneno mengi na mashati ya maua, na aliimba akiwa anachomelea. Siku ya kwanza aliniambia, "Binti, hapa dhahabu inapotea kwa chafya moja. Ikikujia, toka nje." Asubuhi tulikunywa chai ya rangi yenye tangawizi nyingi na mihogo ya kuchemsha, mchana mama ntilie wa jirani alileta ugali na maharage kwenye sahani ya bati, akasimama mlangoni kutusimulia nani kagombana na nani. Nilijifunza kufagia kwa brashi laini na kuchoma mavumbi ili chembe za dhahabu zirudi, nikajifunza kupiga tupa bila kutikisa bega. Nilikuwa na furaha, na naiandika hapa kwa sababu baadaye niliisahau kabisa, nikadhani mwaka mzima ulikuwa msiba.

Osmund alikuwa anachukua usipa, dagaa wa ziwani, anapandisha Mbinga na Songea kwa gari la kukodi. Alinuka usipa hata akivaa suti, na dada alimpenda hivyo hivyo. Alikuwa ameona pete ya almasi kwenye simu ya mtu akasema mke wake ataolewa kwa almasi, si kipande cha bati. Fundi Mashaka akawasiliana na dalali wake wa Dar, na yakaja mawe matatu, kila moja limekunjwa kwenye karatasi yake. Alifunga mlango, akanawa mikono kama daktari, akayamwaga juu ya karatasi nyeupe kwenye mwanga wa dirisha. Yalikuwa madogo kuliko nilivyotegemea. Yote yalikuwa na umbo moja, mapana katikati, yamechongoka kila upande. "Kata hii inaitwa markizi," Fundi akasema, akijikohoza. "Wazungu waliitoa kwa wafalme."

Dada akainama. "Huu ni mtumbwi," akasema.

"Mtu wa milimani," Osmund akamcheka, "wewe mtumbwi umeujulia wapi?"

"Najua una ncha mbili, na mwanaume akipanda hajulikani atarudi lini."

Fundi akacheka mpaka akashika meza ili mawe yasiruke. Osmund alikwisha kunyoosha kidole kwenye jiwe kubwa. Fundi akalichukua kwa koleo, akampa dada kioo cha kukuzia, akamwambia alitikise kidogo. Katikati ya jiwe palikuwa na giza lililokaa kama tai ya shingoni, na ukiligeuza haliondoki. "Kila markizi ina kakivuli," Fundi akasema, "ila hili limemeza taa yote. Utavaa kubwa, lakini utavaa giza." Jiwe la pili lilikuwa linawaka kama jicho la paka. Dada alilitazama muda mrefu, akanipa mimi kioo, na mimi ndiye niliyeona ncha moja ina kidonda, chembe tu imemeguka. Fundi akanipiga begani kwa furaha. Ncha ndizo zinazovunjika kwanza kwenye kata hii, na iliyokwisha meguka ukiibana kwa ukucha wa dhahabu unaoshika jiwe itaendelea kupasuka ndani kwa ndani bila wewe kujua. Likabaki la tatu, dogo kuliko yote. Fundi akalipima, urefu kama mara mbili ya upana, akaligawa kwa macho katikati, ubavu wa kushoto ukalingana na wa kulia, ncha ikatazamana na ncha kwenye mstari mmoja. Lilikuwa na umanjano kidogo sana, kama chai iliyomwagiwa maji.

"Hili," dada akasema.

"Dogo," Osmund akasema.

"Mimi si kabati la maonyesho, Osmund. Nataka zima."

Mama Osmund alikuja wiki iliyofuata kuona kazi inavyoanza. Alileta samaki, mbasa aliyekaushwa kwa moshi, mkubwa, amefungwa kwenye majani ya mgomba, na chumba kizima kikanukia chakula. Alikuwa mwanamke mnene wakati ule, mwenye sauti, na alimpenda dada yangu. Siwezi kulikataa hilo. Alimwita mkwe wangu kabla ya mahari kuisha kujadiliwa. Akataka jiwe lipandishwe juu ya pete ili watu wa nyuma kanisani walione. Fundi akamwambia, "Mama, tukilipandisha, litavua samaki," tukacheka, yeye zaidi yetu, maana alijua: mke wa Osmund atakuwa anatandika usipa kichanjani na kushika nyavu kila siku, na jiwe refu lingenasa. Hapo alikubali. Hakukubali kwenye kipimo cha kidole. Fundi alichukua kipimo akataka kuongeza nafasi kidogo. Mama Osmund akakataa. Maji ya ziwa asubuhi ni baridi, akasema, kidole kinasinyaa, pete inatoka mwanamke akiosha vyombo, na kwao pete ya ndoa ikichukuliwa na ziwa ni kama ndoa imeingia mkosi. Wanawake wote wa pale wanavaa pete ya kubana. Akatuonyesha yake, nyama imeikumbatia pande zote.

"Kidole kinanenepa, mama," Fundi akasema.

"Akinenepa tutamshukuru Mungu."

Dada akanyoosha mkono. "Fanya anavyotaka mama, Fundi. Mimi nitazoea."

Kufunga jiwe la ncha mbili si kazi ya nguvu, na kwa sababu hiyo Fundi alinipa mimi. Tulitengeneza kiti chake chini, karibu kabisa na pete, chenye kucha nne za ubavuni na mbili za kwenye ncha. Zile mbili hazikuwa vijiti kama nyingine. Zilikunjwa kama herufi V ili ncha ijifiche ndani yake kama kisigino ndani ya kiatu. Ndani ya kila ukucha nilichonga ngazi ndogo mahali kiuno cha jiwe kingekalia, nikilijaribu, nikilitoa, nikichonga tena kidogo, mpaka likatulia bila kuyumba. Kisha nikasukuma kucha, huu kidogo, wa upande wa pili kidogo, kamwe si mmoja mpaka mwisho, na nilipofika kwenye ncha nikashusha pumzi, maana pale unafunika, hukandamizi. Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu na kwa mara ya kwanza haimbi. Nilipomaliza aliiweka pete sikioni, akaigongagonga kwa ukucha wake, akasikiliza kama jiwe linacheza. Halikucheza. Halafu akatoa kwenye droo kipande cha wavu wa usipa, ule wenye matundu madogo kama chandarua, akanivisha pete mimi, akasema nipitishe mkono ndani ya wavu huku na huku. Hicho kilikuwa kipimo chake kwa kila pete inayoshuka ziwani. Nilipitisha mara nyingi. Wavu haukunasa hata uzi. "Binti," akasema, "hili jiwe litatoka siku ya kiama." Nikaivua pete nikiwa nacheka. Kwenye kidole changu iliingia na kutoka vizuri. Dada alikuwa na mifupa minene kunizidi.

Walifunga ndoa baada ya Pasaka, kanisani kwao ziwani. Osmund alipomvisha pete ilikwama kwenye fundo la kidole, akaisukuma, dada akakunja uso, watu wakapiga vigelegele. Padri aliibariki kwa maji. Nakumbuka hilo kwa sababu ya kilichokuja, vinginevyo ningekumbuka pilau.

Mwezi wa kumi na moja Fundi aliniruhusu nishuke nikamwone, maana alikuwa na mimba na simu zake zilikuwa zimepungua. Barabara ilikuwa bado ya udongo, gari lilishuka milima likiteleza, na ghafla ziwa likatokea chini, pana, halina upande wa pili. Nilipewa chumba cha nyuma, cha magunia ya usipa, chenye kidirisha kimoja kinachotazama kichanja. Usiku na mchana harufu ile iliingia kwenye nywele na kwenye mto. Dada alikuja kunipokea amevaa kandambili za Osmund. Nikatazama miguu yake. Ilikuwa imejaa, ukibonyeza panabaki shimo. Uso ulikuwa umejaa. Na mkono wa kushoto, pete ilikuwa imezama, jiwe linachungulia katikati ya nyama kama mtumbwi uliokwama kwenye tope. "Inaning'ata, Fidea," akaniambia kwa sauti ya chini, akitabasamu ili mama mkwe asidhani analalamika. "Na kichwa kinauma. Labda ni jua." Tulikula ugali wa muhogo na usipa wa nyanya, na yeye alikula kidogo, akisukuma sahani yake kwangu kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo.

Mchana nilikuwa nimejilaza kwenye kile chumba nikasikia Mama Osmund na jirani yake wakitandika usipa nje ya kidirisha. "Amevimba hivyo," jirani akasema, "huyo ni dume." "Dume kabisa," Mama Osmund akasema. "Mimi nilipombeba Osmund nilivaa viatu vya baba yake." "Na kichwa?" "Mimba ya kwanza, shoga. Kila kitu kinauma." Wakacheka. Nikacheka na mimi kitandani. Nilisoma baiolojia, nilichora figo kwa rangi mbili, nikapata alama nzuri kwa ule mchoro, na hakuna aliyewahi kunieleza kwamba mwanamke mjamzito akivimba uso na mikono, kichwa kikamuuma hakiachi, huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Dada alikuwa ameenda kliniki mwanzoni. Tarehe iliyofuata ilipita kwa sababu usipa ulikuwa mwingi na watu wa kutandika wachache.

Kitu tulichokiona wote kilikuwa pete. Nilijaribu kwa sabuni. Nilijaribu kwa uzi, kama Fundi alivyonifundisha, unapitisha ncha ya uzi chini ya pete, unazungushia kidole kwa kubana mpaka juu, kisha unafungua kutokea chini na pete inapanda nao. Haikupanda. Dada alitokwa na machozi akasema niache. Nikasema basi ikatwe; ukikata chini, mbali na jiwe, baadaye inaungwa, haionekani. Mama Osmund akaacha kupepeta mchele. "Pete iliyobarikiwa haikatwi kama waya," akasema. "Kwetu haijawahi kukatwa, hata ya marehemu. Mpaka Padri aseme." Osmund akasema, "Mama yuko sahihi, shemeji, tumsubiri Padri." Padri alikuwa ameenda kutembelea vigango. Katekista naye akasema yeye hana mamlaka hayo, tusubiri. Kwa hiyo ilisubiriwa. Nilirudi Mbinga kazini, wakaniahidi Padri akisharudi watampandisha dada kwa Fundi aikate kitaalamu. Padri, nilikuja kusikia baadaye, aliporudi aliwashangaa. Aliwaambia pete ni dhahabu tu, kateni leo. Wakafurahi kupata ruhusa, wakakodi gari asubuhi iliyofuata.

Mvua ilikuwa inanyesha walipofika. Ukuta ulikuwa unanuka kahawa. Osmund alimshika dada kiunoni, Mama Osmund alikuja nyuma na mwavuli na kapu la chakula. Njiani walipita zahanati, wakapita kituo cha afya, na walipoingia mjini walipita barabara yenye kibao cha hospitali, wakaja kwa sonara. Dada akakaa kwenye benchi la wateja. Kidole kilikuwa na rangi ya zambarau. Fundi Mashaka alikiangalia na sura yake ikabadilika, akasema, "Binti, macho yako ni mazuri kuliko yangu. Kata wewe." Kuna msumeno wa kazi hiyo, gurudumu dogo lenye ulimi mwembamba unaoingia chini ya pete ili meno yasifike kwenye nyama. Nikapiga magoti mbele yake, nikageuza kiganja juu. Mama Osmund alisimama juu yangu.

"Jiwe, mwanangu. Angalia jiwe."

"Jiwe liko upande wa pili, mama."

"Angalia tu."

Nilikuwa nazungusha kimsumeno polepole, vumbi la dhahabu linadondoka kwenye aproni yangu, na dada akawa anaongea peke yake. "Naona nyota," akasema. "Fidea, zinaruka. Kama usipa ukimwagwa." Nikasema, "Tulia dada, namaliza." Pete ikakatika kwa sauti ndogo. Nikaipanua kwa koleo mbili, ikatoka, ikaacha mfereji kidoleni. Wote tukapumua. Fundi akasema, "Haya, imekwisha," Osmund akaenda kununua soda ya kumpoza mkewe, na Mama Osmund akaichukua pete kutoka mkononi mwangu, akaisogeza dirishani, akalitazama jiwe, akalisugua kwa kitenge, akasema, "Halijaguswa. Mungu mkubwa." Nilikuwa bado nimepiga magoti. Nilishika mkono wa dada nikaona kidole kinaanza kucheza chenyewe, kisha mkono wote, kisha akaanguka kutoka kwenye benchi juu yangu, meno yameumana, macho yamegeuka.

Hospitali ilikuwa karibu kiasi kwamba tulimbeba. Wakamfanyia upasuaji, wakamtoa Tilda akiwa hai, mdogo kama mkate. Dada hakuamka. Nesi aliyetoka kuzungumza nasi hakuwa mkali. Aliuliza taratibu, akiandika, vidole vilianza kuvimba lini. Tukatazamana. Osmund akasema mwezi uliopita. "Na kichwa?" Nikasema kilikuwa kinauma tangu nilipokwenda. "Na leo mlikuwa mnampeleka wapi?" Soda ilikuwa bado mkononi mwa Osmund, haijafunguliwa. Mwishowe nikajibu mimi, kwa sababu lazima mtu aseme. "Kwa sonara." Yule nesi aliacha kuandika. Sijui alifikiri nini. Swali lake nalisikia mpaka leo nikiwasha moto asubuhi.

Alizikwa bila pete. Katika kumwandaa, shangazi mmoja aliuliza iko wapi, na nikaona pembe ya kitenge cha Mama Osmund ina fundo. Matanga yalipokwisha walikaa wazee wakasema mtoto anahitaji mama, na kwamba mimi niko, damu ni ileile, Osmund ni kijana mzuri. Nikawaambia mtoto nitamchukua, Osmund abaki na pete. Niliondoka na Tilda na kopo la maziwa. Osmund amekuwa akituma matumizi, anakuja siku za sikukuu, anakaa kwenye kiti cha mlangoni, hajui aweke wapi mikono. Fundi Mashaka hakuimba tena baada ya siku ile. Alivumilia muda, kisha akarudi kwao Shinyanga, akaniachia meza, kioo na kile kipande cha wavu.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani Mama Osmund aliponiomba niunge. Nikaichukua pete sasa, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Kucha zilikuwa kama nilivyoziacha. Hata moja haikuwa imeinuka. Ncha mbili zimelala ndani ya viatu vyake. Niligongagonga nikasikiliza. Halichezi. Ningependa angalau moja iwe imelegea.

"Mama," nikamwambia, "hii dhahabu ni yenu. Jiwe ni lenu. Mkato ni wangu. Siuungi."

"Mwanangu, ni miaka mingi."

"Ndiyo."

"Nilimpenda Batilda. Mungu anajua nilimpenda."

"Najua, mama. Ulimpenda ukamsubirisha Padri."

Hakulia. Alinyoosha mkono, akaichukua pete, akajaribu kufunga fundo na vidole vikawa havimtii, mpaka nikainuka nikamfungia mimi. Nikamshika kiwiko kushuka ngazi, maana zilikuwa zimelowa.

Waliiungisha Songea. Baada ya Pasaka nilikwenda harusini kwa sababu ya Tilda. Baba yake alitaka abebe maua, na mtoto hana kosa. Alivaa gauni jeupe, akatembea mbele kwa uangalifu kama amebeba maji. Wakati wa kupongeza nikapanga mstari na watu wengine. Bibi harusi, Mwalimu Eliza, ana uso mzuri, wa mtu anayesikiliza. Alinipa mkono wa kulia, mimi nikaomba wa kushoto. Pete ilikuwa pale. Nikaugeuza mkono wake kiganja juu, nikapitisha kidole gumba chini ya dhahabu. Fundi wa Songea anajua kazi, kwa macho huoni kitu. Kwa kidole niliupata mkato wangu.

"Kuna nini, dada?" akaniuliza.

"Hakuna. Hili jiwe nililifunga mimi. Halitatoka." Watu nyuma yangu walianza kusukumana na zawadi zao. Sikuuachia mkono. "Ila nikuambie neno moja, ulishike. Ukibeba mimba, vidole vikivimba na kichwa kikauma, usije kwangu. Usiende kwa fundi yeyote. Usimsubiri mtu akupe ruhusa. Nenda hospitali na pete yako kidoleni."

Alinitazama, kisha akamtazama mama mkwe aliyesimama pembeni yake na kitenge kipya, kama mtu anayeuliza huyu ni nani na kwa nini anasema maneno haya siku kama hii. Mama Osmund alikuwa amesikia yote. "Msikilize," akamwambia. "Huyo ni mama yake Tilda."

Nikaachia mkono, nikatoka nje kumtafuta mwanangu.